Sitini na Mbili ya Butembo

Kisugu, Kampala
29 Julai 2012

Mpendwa Kaka Elie,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Wifi Espérance ameshajifungua salama? Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka, na uchovu wenyewe si wa mwili.

Nilikuambia shule ya serikali ya hapa ilitangaza kutafuta walimu wa makabila na mataifa yote, kwa kuwa darasa moja lina Waganda, Waacholi na watoto wetu wa Kongo. Nikapeleka diploma yangu. Unakumbuka matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka Butembo, nilivyomwagiwa poda ya ushindi hadi masikioni kwa asilimia sitini na mbili? Wewe wa hamsini na moja ulimwagiwa zaidi, kwa kelele zako.

Mwalimu mkuu, Madamu Lamwaka, binti wa askari mwenye Kiswahili cha kambini, alinitazama nikifundisha somo la majaribio akaridhika. Kisha akasoma ile namba.

"Wewe najua fundisha, madamu. Lakini sitini na mbili? Hapa hiyo ni ya mtoto ya nyuma."

Nilimweleza kwamba kwetu sabini huipati hata ukikesha mwaka mzima. Akasema kamati haisomi maelezo, inasoma karatasi.

Wakanipa kazi ya kutafsiri Kiingereza kwa Kiswahili, nikae nyuma ya darasa la tano na watoto wetu. Mwalimu wao, Bwana Okwir, ni kijana mwema, lakini sehemu zinamshinda: nusu kujumlisha robo kwake ni mbili juu ya sita. Kumsahihisha mbele ya watoto ni kumvunjia heshima. Basi yeye akikosea, mimi natafsiri hesabu iliyo sahihi.

Ijumaa yalisomwa matokeo ya mtihani uliotungwa nje ya shule. Watoto wa Kongo wamewapita wenzao wote kwa hesabu. Bwana Okwir akapewa cheti, nami nikapiga makofi na wengine. Kaka, iliniuma sana.

Kamati inakaa tena Agosti ishirini kuchagua walimu. Wewe sasa ni mkuu wa shule. Niandikie barua yenye muhuri, ueleze alama zetu zina uzito gani. Yako usiitaje. Mpe Jean-Pierre, lori lake linakuja kila wiki.

Wasalimie Mama, wifi na mwanao Bienfait. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Usichelewe, Kaka. Muhula ujao nikirudishwa kwenye kile kiti cha nyuma, naogopa nitatafsiri tu alichosema Bwana Okwir, kama kilivyo.

Mdogo wako akupendaye,
Kahambu