Vikapu Kwenye Foleni ya Kura

Jumatano, 16 Julai

Siku ya kura za maoni za chama imetangazwa: Jumamosi. Siku ya gulio! Aliyepanga ni Castory, katibu aliyeletwa kutoka wilayani. Anajua kura zangu za udiwani ziko kwa wanawake wa huku mlimani, na Jumamosi tunashinda sokoni na karoti zetu. Wakubwa wa chama wanamtaka Mansuri wa duka la mbolea. Nimekasirika mpaka maharage yameungua.

Martina, jirani yangu, kanicheka. Eti dada Yuliana, gulio si liko nje ya ukuta wa shule? Na kura si zinapigwa shuleni? Siku hiyo tunashuka wote! Kweli. Castory hajawahi kuuza hata fungu la spinachi.

Ijumaa, 18 Julai

Naogopa. Nikishindwa kwa haki, nitarudi shambani. Nikichezewa mchezo je? Mjomba Alois kapita, nikampa shikamoo. Kaniambia nijipake mafuta, mgombea haendi na sura ya msiba.

Jumamosi, 19 Julai

Jamani, siku gani hii!

Wanawake walishuka alfajiri, wakapanga vikapu mlangoni mwa shule kama tunavyopanga ndoo bombani, kila mmoja na nafasi yake. Halafu wakaenda kuuza. Castory anafika: foleni ndefu ya kabichi, watu hamna! Akaamuru vitolewe. Kikapu si mwanachama, wapite waliosimama. Na waliosimama ni wale walioshushwa muda huohuo na lori la Mansuri. Nikajua ndiyo basi.

Mara Mansuri mwenyewe akatoka mbele. Katibu, viache. Eti mama yake yeye Mansuri alikuwa akiacha ndoo bombani na hakuna aliyemruka. Kikapu kimewahi, mwenyewe aitwe! Halafu akaenda kusimama nyuma kabisa, na watu wake wakamfuata huku wananung'unika. Vigelegele! Wanawake wakaja mbio, wengine na mizani mkononi. Leo nilipanga kumchukia huyu mtu, kaniharibia.

NIMESHINDA. Tena kwa mbali! Mansuri kanipa mkono, kasema mbolea ninunue kwake. Nimemjibu ashushe bei kwanza. Mjomba Alois kacheza mpaka kofia imepotea.

Jumapili, 20 Julai

Sauti imekauka. Kanisani nimeimba kama chura. Nina furaha, basi.

Jumatatu, 28 Julai

Naandikia gotini, nje ya ofisi ya chama ya kata. Kumbe kura za maoni si mwisho: wilaya ndiyo inateua, na leo imeleta jina la mgombea. Linaweza kuwa langu. Au langu limekatwa, likawekwa la Mansuri — maneno yamezagaa tangu juzi. Castory kasema turudi majumbani, tutajulishwa. Martina akasema hatuna haraka, akaweka kikapu chake mlangoni. Nikaweka changu. Sasa vimezunguka jengo! Watu wanakula miwa, wanaimba. Hofu ninayo, lakini nacheka.

Mansuri kafika. Kasema asubuhi kapigiwa simu, kaambiwa avae suti. Suti ya kutangazwa mgombea, nikajua. Lakini suti hana — kaja na buti zake za dukani na kikapu kitupu. Kakiweka nyuma kabisa, kakaa chini kando yake, kaomba muwa.

Mlango unafunguliwa. Castory, karatasi mkononi. Anaangalia vikapu, anatafuta pa kukanyaga —