Mama, Mume Wangu, na Ng'ombe Katikati

Jumanne. Ukungu umekalia Kiirua tangu asubuhi, na upepo wa mlimani unaingia mpaka ndani ya soksi. Sauti yangu imekwenda. Sisemi imepungua, imekwenda kabisa. Jumamosi nilishangilia wanafunzi wangu uwanjani kama mwendawazimu, na Jumapili nikaamka bubu.

Nyumba nyingine mtu akikosa sauti anachemshiwa tangawizi na maisha yanaendelea. Hii yangu ilisimama.

Mama yangu yuko hapa. Ametoka Siakago kwa sababu ya macho. Ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na Alhamisi anapasuliwa katika hospitali iliyo karibu na sisi kuliko kwao. Kumleta ilikuwa vita, maana mama mkwe kulala kwa mkwe si jambo dogo. Kwetu Mbeere kuna nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya. Mama mkwe na mkwe hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana, hawaangaliani usoni. Mume wangu, Baba Kendi, ni Mmeru wa hapa hapa, na yeye pia amelelewa hivyo hivyo. Watoto wako shule ya bweni. Kwa hivyo tangu Mama aje, njia ya maneno katika hii nyumba ni mimi.

Mama anakaa jikoni, Baba Kendi yuko sebuleni, ukuta ni wa mbao. Mama ananiambia nimwambie mwenye nyumba kwamba maziwa yalikuwa mazuri. Naenda, nasema. Baba Kendi ananiambia nimwambie Mama ajifunike, jioni kuna baridi. Narudi, nasema. Na wote wawili wanasikia vizuri kuliko mimi!

Nikiri tu, kazi hiyo naipenda. Najiona mtu wa maana sana.

Shuleni nafundisha mawasiliano. Naandika ubaoni mtumaji, ujumbe, mpokeaji, nachora mishale, wanafunzi wananakili. Leo nimeona nilikuwa nafundisha nusu.

Baada ya chakula cha mchana nilimkuta Mama kitandani akipapasa nguo zake na kuziingiza kwa mfuko. Aliniambia anarudi Siakago kesho. Alisema tangu aje, mwenye nyumba akisikia fimbo yake tu anaondoka. Jana amekula amesimama huko kwa ng'ombe, kwa hiyo baridi. Mwanamume hawezi kufukuzwa kwa nyumba yake na mama mkwe amekaa hapo akiota moto. Akizidi kukaa, atachukiwa, halafu hiyo chuki ibaki na mimi.

Nikafungua mdomo nimwambie hapana. Ukatoka upepo.

Nikatikisa kichwa, nikapunga mikono, lakini Mama haoni mikono. Nikashika mfuko nimnyang'anye. Akafikiri namsaidia kufunga, akanishukuru. Jamani! Nilitaka kulia.

"Mambo ya macho tuache," akasema. "Nimeshaona vya kutosha."

Mama ana miaka mingi mbele yake. Ana mbuzi anaowajua mmoja mmoja, na sasa anawajua kwa kuwashika masikio. Nilijua akirudi kwao kesho, hospitali hatakanyaga tena.

Nikakimbia zizini. Baba Kendi alikuwa akimpa ng'ombe wetu, Karembo, majani. Nikaandika kwenye simu, nikamwonyesha: Mama anaenda kesho, anasema amekufukuza kwa nyumba yako. Alisoma, akasoma tena. Akaninong'oneza: kumbe yeye alikuwa anatoka makusudi, Mama apate nafasi ya kuota moto bila kuona haya, na kila alipomwona ametulia kimya, alifikiri bado hajampa nafasi ya kutosha, akazidi kukaa nje. Heshima yote hiyo, na kila mmoja amesoma kwamba hatakiwi.

Akaninyooshea kidole niende nikamwambie Mama. Nikamwonyesha koo.

Mama naye akatokea mlangoni akishika ukuta, akinitafuta. Baba Kendi akamgeukia ng'ombe haraka, akampa mgongo Mama. Halafu, mume wangu huyu ambaye hata kanisani hawezi kusimama kutoa tangazo, akapaza sauti.

"Karembo, mimi sijafukuzwa na mtu. Mimi nilikuwa natoka mgeni wetu apate raha. Akienda na macho hivyo, mimi nitalala aje?"

Mama alisimama pale pale. Nikaogopa amekasirika. Kisha naye akageuza uso upande wa ng'ombe.

"Karembo, ambia huyo mtu mimi nilifikiria amenichoka."

"Mwambie sijachoka. Mwambie Alhamisi ni mimi nitampeleka."

Karembo alikuwa anatafuna tu, hana habari. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya zizi na machozi yananitoka, na kwa mara ya kwanza tangu Mama aje, hakuna aliyenihitaji. Iliniuma kidogo. Ilinifurahisha zaidi.

Mama akasema, polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Basi ambia yeye nitakaa. Na wakinifungua macho, nataka asimame hapo mbele. Nimempea msichana wangu miaka hiyo yote, na sijawahi kuona uso yake."

Baba Kendi alimpiga Karembo mgongoni taratibu, akampiga tena, akainama kuokota majani ambayo hayakuwa yameanguka.

Mfuko umerudi chini ya kitanda. Jioni Baba Kendi amekula ndani, kiti cha mwisho kabisa, akitazama dirisha, Mama akitazama moto. Sikuona haja ya kuwasemea.

Sasa naandika haya mezani. Ni Jumanne, Alhamisi bado, lakini mwanamume huyu ameshapiga shati lake jeupe pasi. Amekuja mara mbili kujiangalia kwenye kioo. Sasa hivi ameniuliza, kwa sauti ya chini Mama asisikie, kama anyoe ndevu au aziache.

Nimemshika uso kwa mikono yote miwili, nikatikisa kichwa. Aziache. Mama amwone alivyo.