Mfereji Getini Kwako

Nechells, Birmingham

Kwako Kiprono, mdogo wangu,

Huku baridi imepungua, na sisi tu wazima. Juzi wakazi tuliitwa na kampuni ya maji kutoa maoni. Mzungu mmoja alipita kiti kwa kiti na chai na biskuti, akisikiza kila mtu. Nikamwambia mimi huweka mitungi miwili imejaa chini ya ngazi. Akashangaa: "Lakini hapa maji hayakatiki!" Nikasema nimelelewa hivyo. Hata hilo akaliandika.

Mama ameniambia mfereji wa kijiji umehamishiwa getini kwako, mbali na kwake, naye amerudia kuteka maji mtoni. Hakulalamika. Mwenyekiti wa maji ni wewe, Kiprono. Ulimuuliza nani? Mimi mgeni huku nimeulizwa. Mkaribishe Mama, umsikize. Biskuti si lazima.

Ni mimi dadako,
Jelagat