Mafanikio ya Mwajabu, kwa Maelezo ya Mama Yake

Shoga Reshma, acha unachofanya usome hapa. Mwajabu wetu, tuliyelala naye chumba kimoja chuoni, kaumbuka mchana kweupe!

Tuko ukumbini huku mtaa wa Area D, sherehe ya wahitimu wenzetu. Kila mtu anasomewa mafanikio yake. Mwajabu kaja na suti mpya, maana juzi tu kapandishwa kuwa meneja wa kanda. Kakaa mbele kabisa, anasubiri atajwe.

Kumbe MC katuzunguka! Kawapigia wazazi kwa siri, kawarekodi waeleze wenyewe.

Spika ikafunguka, mama yake huyo, toka Kondoa:

"Mwajabu? Kazi yake siijui vizuri mwanangu, ila nadhani ni ya vikao. Kila nikipiga, 'Mama, niko kwenye kikao, nitakupigia.' Tangu mfungo wa Ramadhani yuko kwenye kikao. Mungu amjalie kiishe salama."

Kiishe salama, Reshma!! Ukumbi mzima hoi. MC mwenyewe anafuta machozi.

Mwajabu hakucheka. Nikamwona anahesabu kwa vidole miezi tangu Ramadhani. Akavua viatu, akatoka nje peku, nami nyuma yake, akampigia mama palepale, kaweka na spika. Ikaita weee! Mama akapokea, nyuma yake kelele za wanawake na vigelegele.

"Mwajabu? Niko kwenye kikao cha harusi, mwanangu. Nitakupigia."

Akakata!

Nusu saa sasa, meneja wetu kakaa kwenye ngazi na simu mkononi. Wamemwita mara mbili aje apokee cheti chake. Anasema wamsubiri, mama atapiga.