Gari la Mzee Shija Linapita

Dar es Salaam
24 Oktoba 1993

Mwanangu Scola,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi na mama yako mdogo Coleta tuko salama, ila kifua changu kinanisumbua kidogo. Wewe je, afya na masomo? Kidato cha tatu si mchezo.

Bila shaka umesikia kwamba kikao cha ukoo kimeniagiza gari. Siku hizi magari yaliyotumika yanashushwa hapa bandarini kila wiki, nami karani nayaona yote. Kupata si kazi, kazi ni kuchagua. Dada yako Jenifa atajifungua Februari, mvua zikiwa zimekolea. Hatutaki tena yale ya mwaka juzi, alipobebwa kitandani mpaka barabarani na mtoto akafia njiani. Gari hili lazima lifike mlangoni.

Sasa ile njia ya kutoka barabarani mpaka nyumbani, upana wake siukumbuki. Niliondoka huko kijijini Kate mwaka 1971, na nikirudi ni kwa misiba, siku mbili, tena kwa miguu. Muulize baba yako. Yeye kalamu haipendi, kwa hiyo niandikie wewe.

Baba yako mdogo,
Ignasi

Sumbawanga
14 Novemba 1993

Baba Mdogo, shikamoo.

Pole sana na kifua. Mimi ni mzima na shule inaendelea, ingawa hisabati inanionea. Nawasalimu nyote hapo nyumbani.

Jana Jumamosi baba alikuja kuniletea unga wa ulezi. Alikataa kuingia ndani, tukaongea getini. Nilimuuliza juu ya njia na jibu lake nimeliandika lilivyo: "Mwambie Ignasi asinisumbue. Gari la Mzee Shija linapita kila siku, tena limejaa magunia. La kwetu litashindwaje?" Mzee Shija ni mmoja wa Wasukuma waliohamia jirani yetu nilipokuwa darasa la pili. Ana ng'ombe wengi na ni mtu mpole.

Katika maktaba nimesoma kwamba gari linalosukumwa na magurudumu yote manne huweza kutoka kwenye tope hata kama mawili yanazunguka bure. Naomba uliangalie hilo. Samahani kama ulikuwa unalijua.

Mwanao,
Scola

Dar es Salaam
30 Novemba 1993

Mwanangu Scola,

Marahaba, na asante kwa barua. Kifua kimepoa. Naiandika hii kwa anwani ya nyumbani nikijua unakaribia kufunga shule.

Huyo Mzee Shija amenifurahisha. Msukuma na gari lake, Kate! Ni aina gani? Haidhuru, kama lake linapita na magunia, basi wasiwasi wangu umekwisha. Nimepata Land Cruiser nyeupe, ndefu, inachukua watu wanane na mizigo yao, na magurudumu manne yote yanasukuma kama ulivyosoma. Nimeshapeana mkono na muuzaji. Ninalipa Jumamosi tarehe 18 Desemba, na likishalipiwa halirudishwi. Mwambie baba yako, kaka Marselino, aanze kutafuta pa kulilaza.

Baba yako mdogo,
Ignasi

Kate
9 Desemba 1993

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na inakukuta mapema. Tafadhali usilipe.

Nilipofika pale ulipouliza "ni aina gani", nilijua nimekupotosha. Gari la Mzee Shija linakokotwa na ng'ombe. Lina magurudumu mawili. Huku kila mtu analiita gari, na mimi pia, kwa sababu jingine haliingii kwetu. Wewe uliondoka kabla Wasukuma hawajaja nayo. Ningeweza kukuomba usubiri nifunge shule nikapime mwenyewe, lakini niliona aibu kufikiria watu wakinitazama. Nikanakili tu maneno ya baba.

Jana nimepima. Niliazima utepe wa Romani, fundi cherehani, nikapita nao njia nzima. Jirani yetu Evodia akapiga kelele kutoka shambani, "Scola, njia unaishonea gauni?" Yonas naye, "Usisahau mifuko!" Nilitamani kukimbia, ila niliogopa kusahau namba. Utepe unaishia sentimita mia moja na hamsini, kwa hiyo palipozidi niliongeza rula ya shule. Sehemu nyingi hazina tatizo. Penye shida ni pale kati ya mwamba na ukuta wa jiko la Bibi Stefania: sentimita mia moja sitini na tatu. Nimepima mara tatu.

Baba amesema jiko lisogezwe. Bibi akamjibu, "Marselino, uvunje jiko langu, halafu nije nipikie ndani ya gari lako?"

Posta itachelewa, kwa hiyo barua nampa kondakta wa basi. Ameniahidi kwamba mwenzake wa Mbeya ataifikisha. Jenifa anakusalimu. Ameanza kuvimba miguu.

Mwanao,
Scola

Dar es Salaam
2 Januari 1994

Mwanangu Scola,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Sisi tumeuingia salama.

Najua mmekaa roho juu. Barua yako ilifika Ijumaa tarehe 17 jioni, imekunjwa kama sambusa. Kesho yake nilikwenda na utepe wa mama yako mdogo. Land Cruiser ina sentimita mia moja na themanini. Muuzaji akanitazama, "Mzee, unanunua gari au kabati?" Nikaendelea kupima, moja hadi jingine, mpaka ukutani kabisa, kwenye Suzuki moja ya kijani ambayo hakuna aliyekuwa anaiuliza. Mia moja arobaini na sita. Magurudumu yote manne yanasukuma. Nikakunja kiti nikalala ndani nione kama mgonjwa ataenea. Mimi naenea nikikunja magoti. Muuzaji akasema, "Kama unataka kulala, gesti iko ng'ambo ya barabara."

Inabeba magunia manne tu. Najua ukoo utanisema, maana walitaka gari la mavuno. Nimemchagua Jenifa. Mahindi yatapanda gari la Mzee Shija. Oswaldi, dereva wa kwetu, anaondoka nalo wiki ijayo.

Huna kosa peke yako. Mimi niliuliza swali halafu sikusubiri jibu.

Baba yako mdogo,
Ignasi

Kate
27 Februari 1994

Baba Mdogo, shikamoo.

Tunamshukuru Mungu, wote tu wazima. Nimeomba ruhusa shuleni nije kumsaidia mama, ndiyo maana naandika kutoka nyumbani.

Suzuki ilipofika, baba aliizunguka mara moja akasema, "Hii ni ya watoto," akaenda zake kulima. Siku mbili hakuitazama.

Jumanne asubuhi Jenifa alishikwa na uchungu. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumapili. Oswaldi alileta gari mpaka mlangoni, tukampandisha, baba na mama wakapanda naye. Jenifa hakutaka kulala. Mimi nilitangulia mbele nikitembea kinyumenyume, nimwelekeze Oswaldi kwa mikono, lakini kwa ile mvua alikuwa hanioni. Ikabidi nipige kelele. Kulia! Kulia tena! Simama! Bibi Stefania alitoka jikoni akasimama, "Kumbe huyu mtoto ana sauti." Kwenye mwamba zilibaki sentimita nane kila upande. Baba alikuwa amefumba macho, nilimwona kupitia kioo. Tulipofika barabarani nami nikajibana ndani.

Kwenye kituo cha afya, Chala, nesi alituangalia kisha akamuuliza Jenifa, "Waliokubeba wako wapi? Waambie wasubiri nje." Jenifa akamjibu, "Sikubebwa. Nimekuja nimekaa."

Mtoto alizaliwa saa nane mchana. Ni wa kiume. Analia sana, sasa hivi ninapoandika analia, na baba amekataza mtu yeyote kumnyamazisha.

Mwanao,
Scola