Usianike Tena, Wifi

Isebania

Mama Boke, wifi yangu,

Nakusalimu kwa mdomo huu huu mpana unaoujua. Mgongo unaendeleaje? Kaka yangu Okeyo bado anakoroma kama injini ya boti? Na mama, ameanza kula, au bado anasukuma sahani? Mimi hapa mpakani niko salama. Dagaa zetu za omena zinauzika, ila vumbi la malori linaniharibu kifua.

Sasa nikuambie kwa nini nimekaa chini kuandika, mimi ambaye kalamu niliiacha darasa la saba. Kaka alipopita hapa Jumapili alisema tangu ule mzigo wa Akinyi uharibike, hutaki hata kulitaja jina la mtoto. Ati umeapa hutagusa tena kitu cha msomi. Wifi, hilo limeninyima raha.

Wacha kwanza nijisifu kidogo. Soko zima linajua binti yangu yuko chuo kikuu Nairobi na anatoa nyuzi kwenye gugumaji, hilo linaloelea ziwani kwetu. Asiyejua nimemwambia mara mbili. Juzi yule mama wa Sirare anayeuza vitenge alinichokoza: "Mama Akinyi, watoto wa wenzako wanasomea udaktari, wako anasomea magugu?"

Nikamjibu, "Daktari hutibu mtu mmoja mmoja. Wangu anatibu ziwa zima!"

Akacheka mpaka mzigo ukamtoka begani. Lakini alipoondoka nilijiuliza, na mimi mwenyewe naelewa nini? Kwa hiyo Akinyi aliponipigia simu pale dukani kwa Mzee Abdalla, nikamwambia leo anieleze polepole.

"Mama, shina la gugumaji limeshikiliwa na nyuzi," akasema. "Ukilipika na ile soda ya kutengenezea sabuni, kisha ukaling'arisha, unabaki na kitu cheupe kama pamba iliyolowa. Ndani ya kila uzi kuna nyuzi nyingine, na ndani ya hizo nyingine tena, nyembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara maelfu. Hizo za mwisho ndizo ninazozitaka. Nikizitenganisha ndani ya maji, halafu nikazitandaza, zinakuwa karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, tena ngumu ajabu."

"Na Mama Boke alikosea wapi?"

"Alianika."

Wifi, nilicheka, kisha nikakumbuka. Akinyi alipika vitu vyake jikoni kwako wakati wa likizo, akakuachia ndoo ya nyuzi uitume kwa boti hadi Mbita, ipande basi la Nairobi. Alikuambia tu, "Itunze vizuri." Na kwetu kutunza ni nini? Sisi wa ziwani tumelelewa na jua. Samaki, muhogo, mtama, hata nguo ya mtoto mchanga, kitu kikibaki na maji kimetupotea. Ukaona ndoo imekaa mbichi, ukatandaza kwenye wavu wa omena, ukageuza, ukafukuza kuku, ukafunga kwa kitambaa safi. Hata mimi ningeanika, tena ningejisifu.

Kumbe maji ndiyo yaliyokuwa yanazitenga. Yalipokauka, zile nyuzi ndogo zilikumbatiana, na sasa hata ukiziloweka wiki nzima haziachani. Mashine ya chuo ilizisaga ikachoka.

Nimewaza sana. Hilo gugu lilifunga ufuo mpaka kaka akashindwa kutoa boti, tukalilaani kanisani na njiani. Mungu naye alikuwa amefunga uzi ndani yake, anatuangalia tu.

Sasa sikiliza. Mwalimu wake amempa nafasi moja ya mwisho. Akikosa tena, kazi hiyo anapewa mwanafunzi mwingine. Anakuja kisiwani Alhamisi kuanza upya, na anakuogopa wewe kuliko mwalimu. Nilimwambia atafute mtu mwingine wa kumsaidia. Akakataa katakata. "Mama, nyuzi zilizooshwa na Mama Boke hazikuwa na hata chembe ya mchanga. Zangu zote zina mchanga. Kama hataki, sijui nitafanya nini."

Basi mimi ndiye ninakuomba. Asikuombe msamaha, wala wewe usimwombe, nimemkataza na yeye. Mpe chai, mteremke ufuoni, mvute magugu pamoja. Mkishapika na kuosha, acha maji yazifunike nyuzi, funika ndoo, iweke kivulini. Mkono ukikuwasha kuanika, kuna omena.

Nisalimie mama mzazi, umwambie ale. Msalimie kaka Okeyo, na shangazi Pamela wa mandazi, na Boke wako aache kuruka ukuta wa shule. Mchungaji mwambie sijalala kanisani tangu nije huku, au usimwambie.

Nikianza kujisifu tena hapa sokoni, nataka niseme mtoto wetu, mimi na wifi yangu. Usininyime hilo.

Ni mimi,
Mama Akinyi