Mtumbwi wa Baba Usipasuliwe

Mdogo wangu Mugisha,

Pokea salamu za kaka yako kutoka huku ughaibuni, Fort Worth, ambako joto la leo linalainisha lami. Kwenye simu ulisema utaupasua uwe kuni ule mtumbwi ambamo marehemu baba alikanyagia ndizi za pombe, kwa sababu umekuwa mweusi na unanuka rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Ngoja nikwambie nilichokiona kazini.

Kiwanda chetu kidogo kinatengeneza ramu. Ikishakaa miaka, bosi huihamishia kwenye mapipa makuukuu yaliyowahi kuhifadhi wiski, ili wanywaji wa wiski nao waipende. Jana tulishusha mapipa hayo. Bahati, Mkongo ninayefanya naye kazi, akaleta sabuni na brashi aoshe pipa la kwanza. Bosi akamshika mkono.

"Usioshe. Hiyo harufu ndiyo niliyoinunua."

"Lakini patroni, linanuka kama mjomba wangu," Bahati akasema.

Tulicheka wote, kisha mimi nikaukumbuka ule mtumbwi. Baba naye hakuruhusu sabuni iuguse mtumbwi wake. Alisema mti ule umeshajifunza kazi.

Kuni katafute kwingine, mdogo wangu. Ndizi za pombe ya kuondoa tanga zikanyagwe humo humo, watu waonje mkono wa baba mara moja tena. Mimi ruhusa nimenyimwa, sitafika. Mama mwambie ninakula na ninalala vizuri, hata kama si kweli. Kikombe changu ninywee wewe, polepole.

Kaka yako,
Mutalemwa